Kijiji Kilichoandikwa Maji

Katika nyumba ya mzee mpima ardhi, mlango haukuruhusiwa kujibamiza. Kila fremu ilikuwa na kitambaa kilichokunjwa na kupigiliwa misumari midogo, na chini ya kila mlango palikuwa na kipande cha mpira cha kuuzuia. Binti yake alikua akiyaona hayo kuwa ya kawaida. Siku moja, akiwa darasa la tatu, aliingia mbio kutoka shule akauachia mlango wa mbele, ukapiga fremu kwa kishindo. Baba yake, mtu ambaye hakuwahi kumchapa kabla wala baada ya hapo, alimzaba kofi. Kisha akaenda kukaa jikoni, ameziba masikio kwa viganja, machozi yakimtoka. Mama alisema tu, "Baba yako hapendi makelele." Redio ya jirani ilikuwa ikipiga kelele kutwa kucha na baba hakuwahi kuilalamikia, lakini mtoto wa darasa la tatu angejuaje kuuliza hilo?

Sasa mama alikuwa marehemu, binti ametimiza miaka arobaini na mmoja, na mzee, mwenye sabini na minne, alikuwa amehamia kwa bintiye. Alikuja na mabegi mawili, redio mbovu aliyokuwa akiitengeneza tangu enzi na enzi, na mfuko wa plastiki wenye vipande vya mpira. Kabla hajafungua begi hata moja, alizunguka nyumba nzima akipima nafasi iliyo chini ya milango.

Kazini, binti huyo aliitwa Bi Mistari, na jina likamganda. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo: vyumba vitatu, na korido yenye ndoo ya kukinga maji yaliyodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Walikuwa wakikokotoa upepo. Mtu akitaka kusimamisha mitambo ya kufua umeme kwa upepo, wao ndio waliomwambia upepo utakuwa na nguvu kiasi gani na mitambo ikae wapi. Ili kompyuta ilijue hilo, ilihitaji ramani ya mkwaruzo, yaani ramani inayoonyesha jinsi ardhi inavyoukwaruza upepo unapopita juu yake. Maji karibu hayaukwaruzi kabisa. Namba yake ni sifuri na chembe. Majani yanaukwaruza kidogo. Nyumba zinaukwaruza zaidi, na msitu ndio unaouchuna ngozi. Kila eneo huzungushiwa mstari, na kila mstari una namba mbili, ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia. Mistari miwili ikipakana, kisha kila mmoja ukaipa ardhi iliyo katikati namba tofauti, basi mmoja unaongopa. Kazi ya Bi Mistari ilikuwa kuikamata mistari inayoongopa.

"Wewe ungefaa kuwa hakimu," Kunguru alimtania. Kunguru alikuwa fundi wa milingoti ya kupimia upepo. Alipewa jina hilo kwa sababu maisha yake yote yalikuwa juu ya vyuma, mita themanini hewani, akiwachungulia wenzake.

"Hakimu husikiliza pande zote mbili," alijibu Bi Mistari. "Mimi nazisoma tu."

Jumatatu moja bosi alimpa ramani ya tambarare moja ya mbali, ambako mteja wao alitaka kusimamisha mitambo ishirini na miwili. Ilikuwa imeunganishwa kutoka ramani za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono kabla ya kompyuta. "Inataka kusafishwa tu," alisema bosi. "Ijumaa naihitaji." Hiyo "tu" yake ilijulikana ofisi nzima.

Bi Mistari aliifungulia programu ya ukaguzi, na vidoti vyekundu mia mbili na kumi vikajitokeza, kila kidoti kosa moja. Mengi yalikuwa makosa ya kizembe: mstari umeachwa wazi, namba zimegeuzwa kushoto kulia, kingo za karatasi mbili hazijakutana. Aliyarekebisha moja moja. Kufikia Jumatano mchana vilibaki vidoti saba, na vyote saba vilikuwa mahali pamoja, kwenye bonde pana upande wa magharibi.

Hapo mistari miwili ilikuwa imepandana. Mmoja ulizunguka kijiji, na ndani yake namba ilikuwa ya nyumba. Mwingine ulikuwa ufuko wa ziwa, na ndani yake namba ilikuwa ya maji. Ilikatana mara saba. Kwa mujibu wa ramani, watu walikuwa wakiishi juu ya maji, au maji yalikuwa yamekaa juu ya watu.

Akafungua picha iliyopigwa na setilaiti. Ziwa halikuwepo, wala kijiji. Palikuwa na uwanda wa majani makavu, na katikati yake kichaka cheusi cha miti. Alipoikuza picha akaona kitu kilichomfanya asogeze kiti. Miti ile ilikuwa imepangana kwa mistari iliyonyooka, miraba kwa miraba, pembe kwa pembe. Ilikuwa miti ya ua wa nyumba za watu, iliyoachwa bila kukatwa mpaka ikawa msitu.

"Ziwa gani?" Kunguru alisema alipoulizwa kwa simu. Mlingoti wake ulikuwa kilomita moja na nusu kutoka hapo. "Nina miezi minne juu ya hiki chuma, sijaona hata dimbwi. Tena upepo wa upande huo unafika umechoka, unayumba kama mlevi. Juu ya maji haungekuwa hivyo."

Kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba huwezi kufuta ziwa bila kuonyesha lilitoka wapi. Bi Mistari akazitafuta karatasi za asili zilizopigwa picha na kuambatanishwa kwenye faili. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilionyesha kijiji, nyumba thelathini na moja, kila moja na namba yake. Ya pili, ya miezi minane baadaye, ilionyesha ufuko wa ziwa litakalotokea bwawa likijengwa. Pembeni yake palikuwa na fomu iliyopigwa mhuri. *Wakazi katika eneo: hakuna.*

Karatasi zote mbili zilikuwa na sahihi moja, yenye mkia mrefu uliorudi nyuma na kujipigia mstari wenyewe. Bi Mistari aliijua sahihi hiyo. Ndiyo iliyokuwa chini ya kila ripoti yake ya shule.

Alipofika nyumbani saa kumi na moja, jua bado lipo, baba yake alikuwa barazani ameifungua ile redio mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo umewahi."

Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu. "Baba, uliwahi kupima bonde lenye kijiji cha nyumba thelathini na moja?"

Bisibisi ikasimama. "Nimepima mabonde mengi."

"Hili ulilipima mara mbili. Mara ya kwanza kuna watu, mara ya pili hakuna."

"Na ramani yako inasemaje?"

"Inasema ni kijiji na ni ziwa, vyote pamoja."

"Basi weka ziwa."

"Ziwa halipo, baba. Bwawa halikujengwa."

Mzee aliishika skurubu moja ndogo, akaigeuzageuza kwenye mwanga, asione pa kuiweka. "Weka maji, mwanangu," akasema taratibu. "Ukiweka maji, hakuna mtu atakayekuja kuuliza kitu."

Aliifunga redio ikiwa na skurubu tatu pungufu, akaingia ndani.

Kesho yake Bi Mistari aliomba gari, akaenda na Kunguru kuiona ardhi yenyewe. Bosi alinung'unika kwamba ramani husafishwa mezani. Yeye akamjibu kwamba hawezi kukisia urefu wa miti akiwa amekaa kwenye kiti. Walisafiri saa nne. Mwisho wa safari palikuwa uwanda mtupu, majani ya kimanjano yakilala upande mmoja kwa upepo, na mbele yao kile kichaka, cheusi, kimejikunyata.

Ndani kulikuwa na baridi ya ajabu. Bi Mistari alitembea kati ya misingi ya nyumba iliyofunikwa na majani, akihesabu bila kujua kwamba anahesabu. Jiwe la kusagia lilikuwa limemezwa nusu na mzizi. Fremu moja ya mlango, ya mbao ngumu, ilikuwa bado imesimama peke yake, haina ukuta kushoto wala kulia, wala mlango. Alipima miti kwa kifaa chake: mita kumi na moja, mahali pengine kumi na mbili. Akaandika.

Hapo ndipo aliposikia. *Ko.* Kisha kimya. *Ko, ko.* Kisha kimya kirefu zaidi. *Ko.*

Alidhani ni tawi linalogonga tawi. Akasubiri upepo utulie, na upepo ukatulia, majani ya juu yakaacha kucheza. *Ko, ko*, ikaja tena, dhaifu, kutoka mbele kidogo.

"Umeisikia, eh?" Kunguru alisema nyuma yake. Hakuwa akitania. "Mimi naisikia nikiwa juu. Nikishuka kuja kuangalia, inahama."

"Ni matawi."

"Sawa. Ni matawi." Akatazama juu, ambako hapakuwa na jani lililotikisika. "Ila mimi chakula changu cha mchana nakula kule kule kwenye mlingoti."

Waliifuata sauti mpaka kwenye uwanja mdogo uliofagiwa. Katikati palikuwa na kaburi moja, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kopo la bati lenye maua yaliyonyauka. Ardhi ilikuwa na alama za ufagio zilizoanza kufifia. Sauti ilikuwa imekoma.

"Kuna mama mmoja huja," Kunguru alieleza. "Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ana panga na ufagio. Anasafisha, anakaa kidogo, anaondoka. Nilipopita karibu mara moja nilimpungia mkono, akanipungia."

Bi Mistari alirudi nyumbani siku ya pili yake asubuhi, baada ya kulala kwenye nyumba ya wageni njiani. Alimkuta baba yake amekaa sebuleni, amevaa viatu, kofia ipo magotini, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Umefika kule?"

"Nimefika."

"Umesikia milango ikijibamiza?"

Bi Mistari aliweka mkoba chini polepole. Akilini aliviona vile vitambaa kwenye fremu, vile vipande vya mpira, na kofi la darasa la tatu, vyote kwa mpigo. "Milango haipo, baba," akasema. "Imeoza yote. Nilichosikia mimi ni mtu anayebisha."

Mzee akafumba macho. "Anabisha," akarudia.

"Ndiyo. Kama hodi."

Mzee akaanza kueleza, sauti yake haipandi wala haishuki, kama anayesoma vipimo.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alipopima kile kijiji mara ya kwanza, wenyeji walimkaribisha vizuri. Kwenye nyumba namba kumi na saba bibi mmoja alimpa maji na kigoda, akamcheka kwa kuwa alikuwa akihesabu hatua kwa sauti. Alirudi mjini, akachora. Kisha wakubwa zake wakamwambia kwamba bwawa linakuja na kwamba watu wakionekana kwenye karatasi kazi itakwama. Wakamwekea fomu mbele yake. "Nilidhani watahamishwa vizuri kisha mambo yaishe," alisema. "Nilijiambia hivyo, nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya kwao."

Watu waliondolewa kwa siku moja. Malori yalikuja alfajiri, na kufikia jioni kijiji kilikuwa kimekwisha. Kesho yake yeye akatumwa kupima ufuko wa ziwa. Alifika peke yake saa tano, dereva akamwacha, na upepo ulikuwa mkali. Watu walikuwa wameondolewa mbio mbio, hakuna aliyefunga nyuma yake. Milango thelathini na mmoja ilikuwa ikijibamiza.

"Sikuweza kusikia hata mawazo yangu," alisema. "Nikaanza kuifunga. Nilikuwa na kamba yangu ya kupimia, nikawa naikata vipande, nafunga mlango mmoja, naenda wa pili. Nilifunga kumi na sita. Kamba ikaisha."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa chini ya mti nikaendelea na kazi. Ilikuwa saa nane hivi. Upepo ukapungua, milango ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Isipokuwa mmoja. Huo haukufuata upepo, mwanangu. Ulikuwa unagonga, unapumzika, unagonga. Nikajiambia ni mlango. Nikajiambia hivyo kwa sauti, nikiwa peke yangu porini: ni mlango tu. Nikafungasha vifaa vyangu nikatembea kwenda barabarani."

Baada ya wiki mbili, dereva mmoja wa malori akasimulia ofisini, huku akinywa chai, kwamba ndugu wa wale watu walirudi wakamkuta bibi yao ndani. Alikuwa mgonjwa, kila lori lilidhani yupo kwenye lori jingine. Walimkuta nyuma ya mlango.

"Nyumba namba kumi na saba," alisema mzee. "Kamba yangu iliishia kwenye kumi na sita."

Binti alimpenda baba yake kama jana, na bado hakuweza kumgusa. Alisimama akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka. Aliporudi akasema, "Kuna mwanamke anayekuja kusafisha kaburi. Kesho ni Jumamosi ya kwanza."

"Sina cha kumwambia."

"Unacho, baba. Ndicho ulichoniambia mimi sasa hivi."

Mchana huo alimpigia bosi simu kumwambia kwamba ramani itachelewa. Bosi alifoka. Yeye akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akakata simu.

Kulipopambazuka, waliondoka. Njiani mzee hakusema lolote isipokuwa mara mbili, aliposoma kwa sauti umbali ulioandikwa kwenye vibao vya barabarani. Walipofika alishuka mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akaingia kichakani moja kwa moja bila kuuliza njia. Aligeuka kulia kwenye lile jiwe la kusagia, akahesabu hatua kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Karibu na ile fremu akasimama akatega sikio. Upepo ulikuwa ukivuma vizuri tu.

"Sisikii kitu," akasema, na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa.

Mwanamke alikuwa ameinama kwenye kaburi, kanga imefungwa kiunoni, panga mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mikono yenye nguvu, miwani imefungwa kwa uzi. Aliwatazama wakija bila kuinuka.

"Habari za hapa, mama," Bi Mistari alisema.

"Nzuri. Nyinyi ndio watu wa mitambo?"

"Mimi ndiye ninayetengeneza ramani. Huyu ni baba yangu."

Mwanamke alimkagua mzee kuanzia viatu hadi kofia. Kisha akasema, kama anayetaja hali ya hewa, "Huyu namjua. Huyu ndiye aliyekuwa anahesabu hatua."

Mzee alivua kofia. "Ndimi."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikufuata nyuma, watoto wote, tukikuiga. Moja, mbili, tatu. Bibi alikupa maji."

"Alinipa."

"Kisha ukaenda kuandika hatupo."

"Nikaandika."

Hapo Bi Mistari alidhani yameisha, kwamba baba yake ataishia hapo, na moyoni alitamani aishie hapo. Lakini mzee alipiga magoti, polepole, goti moja kisha la pili, akiwa amelishikilia jiwe moja la chokaa, akaeleza. Akataja siku. Akataja saa. Akaeleza kamba, mlango wa kumi na sita, mti aliokaa chini yake, na sauti iliyogonga na kupumzika. "Nilisikia," akasema. "Nikajua si upepo. Nikaondoka."

Panga lilikuwa limetulia mkononi mwa yule mwanamke. "Siku gani, umesema?"

"Siku ya pili. Siku moja baada ya malori."

"Saa nane mchana."

"Saa nane, au na nusu."

Alianza kuhesabu saa kwa vidole, tangu alfajiri ya malori. "Sisi tuliambiwa alikata roho palepale," alisema. "Daktari alimwambia mama yangu kwamba ni mshtuko, kwamba alikufa malori yakiwa bado yanapakia. Mama yangu ameishi na hilo. Alikuwa akisema, angalau. Angalau hakujua kwamba tumemwacha." Akapangusa miwani. "Mama amekufa mwaka juzi. Amekwenda na ile angalau yake. Wewe umekuja leo kunipa nini, mzee? Umekuja kuutua mzigo wako juu ya nani?"

Bi Mistari alifungua mdomo, na mwanamke akamnyooshea kidole bila kumtazama. "Wewe nyamaza, mwanangu. Sisemi na wewe."

Kisha mwanamke alikaa chini, akaweka panga pembeni.

"Rudia," akasema.

"Nini?"

"Yote. Tangu ulipofika. Polepole. Nataka kujua aligonga vipi."

Mzee akarudia. Alipofika kwenye ile sauti, akakunja ngumi akagonga kwenye jiwe la chokaa: mara moja, akatulia, mara mbili, akatulia zaidi, mara moja. Mwendo ulikuwa uleule aliousikia binti yake juzi, na yeye hakuwahi kumwambia baba yake ulivyokuwa. Mwanamke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alimfanya arudie mara ya tatu. Kisha akaokota panga lake akaendelea kukata majani upande wa pili wa kaburi, na hakusema neno jingine kwao mpaka walipoondoka.

Ramani ilikabidhiwa Jumatano, siku tano baada ya ahadi. Bi Mistari alifuta ziwa na kuufuta mstari wa zamani wa kijiji, akachora mmoja mpya kufuata ukingo wa kichaka, na ndani yake akaweka namba ya msitu. Programu ilipokagua, hapakuwa na kidoti chekundu hata kimoja. Kwenye ripoti akaongeza ukurasa: palikuwa na kijiji hapa, watu wake waliondolewa kwa fomu ya uongo, na kuna kaburi linalotunzwa. Akataja jina la aliyetia sahihi.

"Kaburi si mkwaruzo," bosi alisema akiwa ameushika ukurasa huo kwa ncha za vidole. "Na hili jina ni la nani?"

"La baba yangu. Na mtambo namba tisa mmeupanga juu ya kaburi."

Bosi alimtazama, akautazama ukurasa, akauweka kwenye ripoti. Mtambo namba tisa ukasogezwa pamoja na jirani yake. Kunguru aliomba apangiwe mlingoti wa tambarare nyingine, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Mzee hakurudi kuwa mtu mwepesi. Kama binti alitarajia kwamba kusema kungempa usingizi, alikosea. Alikonda, akapunguza maneno. Lakini mwezi uliofuata, Ijumaa mchana, alimuuliza kama kesho gari lina mafuta. Wakaenda. Mwanamke aliitikia salamu ya binti, ya mzee hakuiitikia. Mzee alikaa kwenye msingi wa nyumba namba kumi na sita, umbali wa hatua ishirini, mpaka kazi ya kusafisha ikaisha. Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Hakuomba msamaha, na hakuna aliyemtaka aombe.

Mwezi wa tatu mvua zilikuwa zimenyesha na majani yalikuwa yameota mpaka magotini. Mwanamke alikuwa amekuja na mapanga mawili. Alifanya kazi saa nzima, jasho likimtiririka, kisha akatembea mpaka pale mzee alipokaa, akaliegemeza panga la pili kwenye ule msingi, karibu na mguu wake.

"Upande huo wa mashariki sijaufikia," alisema, akageuka akarudi.

Mzee alivua koti akamkabidhi binti yake. Akaanza kukata, vibaya mwanzoni, kisha mkono ukakumbuka. Alikata mpaka mgongo ukamgomea, akajinyoosha, akainama tena, na hakuna aliyemwambia apumzike.